Pima chumba kwanza, boksi la projekta baadae

Wiki iliyopita mpwa wangu kanipigia simu yuko Kariakoo, kasimama dukani na boksi la projekta mkononi, mjomba shikamoo, hii imeandikwa mwanga wake ni lumeni 12,000 na bei yake nzuri, nibebe? Nikamwambia marahaba, hebu liweke kwanza hilo boksi mezani afu uniambie chumba chako pale Makorora, toka ukuta unaotaka kurushia picha mpaka ukuta wa nyuma ni futi ngapi. Kimya. Pangaboi liko wapi, katikati? Analo katikati. Nikamwambia basi rudi Tanga na hela yako, pima, ndo tuongee.

Nimeshaulizwa swali hilo hilo na vijana wengi sana, wamechoka kulipia mechi kwenye vibanda vya gemu, mtu ana PS4 yake ndani au wamechanga wawili watatu wakanunua PS5, sasa wanataka picha kubwa, na tv ya inchi 75 bei yake haishikiki afu kuipakia kwenye basi toka Dar, kilomita kama 350, ni kusafiri roho mkononi. Projekta inakaa kwenye begi. Mimi hizi mashine nazipenda sana na inaniuma kwakweli nikiona mtu anatoa akiba yake ya miezi kununua kitu ambacho chumba chake hakikubali, wakati kilichotakiwa kwanza ni futi kamba ya fundi tu, ambayo ata jirani anayo.

Vyumba vyetu vingi huku, Ngamiani, Makorora, Mikanjuni, ni futi 10 kwa 10, kikijitahidi sana 12. Futi 10 ni mita 3 na kidogo, na humo humo kuna kitanda, kabati, ndoo nyuma ya mlango. Projekta ya kawaida, zile za maofisini, inataka umbali wa mara 1.5 mpaka mara 2 ya upana wa picha. Picha ya inchi 100, inchi zenyewe zinapimwa kona kwa kona, ina upana wa mita 2.2, kwahiyo ata ukichukua ile hesabu ndogo ya 1.5 unahitaji mita 3.3, yaani chumba kimeisha na projekta bado haijapata pa kukaa. Utasema nishuke inchi 80, sawa, hapo upana ni mita 1.77 na umbali unakuja kama mita 2.7, inaingia kwa kubanana, lakini lazima uifunge juu kabisa kwenye ukuta wa nyuma na katikati hapo ndo kuna pangaboi. Hali hiyo nimeishi nayo mwaka mzima. Kila panga likikatisha mwanga picha inapepesa, ukizima pangaboi Tanga mwezi wa pili unajua mwenyewe kitakachokupata, ukishusha projekta chini basi vichwa vya watu vyote viko uwanjani na kila anayekwenda chooni anakata mechi.

Projekta ya shoti thro, yaani ya kurusha picha kubwa kwa umbali mfupi, inaondoa shida yote hiyo kwa sababu lenzi yake inaitanua picha mapema, hesabu yake iko kama kati ya 0.4 na 1. BenQ TH671ST kwa mfano ni 0.69 mpaka 0.83, Optoma GT1080HDR ni karibu 0.5. Zidisha namba hiyo na upana wa picha unayotaka unapata umbali, hakuna siri nyingine. Optoma hiyo inchi 100 inaitoa ikiwa mita 1.1 tu toka ukutani, BenQ kama mita 1.5, na ukitaka inchi 80 BenQ inakaa mita 1.2. Maana yake inakaa kwenye stuli fupi mbele yenu au inaning'inia karibu na ukuta, pangaboi linabaki nyuma yake, nyie wachezaji mnabaki nyuma yake, mtu anaingia anatoka na chai yake na hakuna anayepiga kelele.

Sasa kuna zile nyingine za kukaa chini ya picha kabisa, ultra shoti thro, chini ya 0.4, watu wanaziona YouTube sebuleni kwa Wazungu wanazitamani. Mimi nasema kwa nyumba zetu tuziache kwanza, na sababu yake ni lipu. Mwanga wa mashine ile unapanda ukutani ukiwa umelala sana, kwahiyo kila bonde na kila kilima cha lipu kinatupa kivuli na mistari ya uwanja inapinda kama imechorwa juu ya maji. Kuna rafiki yangu Bagamoyo anakaa nyumba ya zamani ya mawe, kuta nene, ndani kuna giza na ubaridi hata mchana, ungesema chumba cha projekta hicho, lakini ule ukuta wa chokaa umejaa mawimbi na ultra shoti thro aliyoazimwa ilimwonyesha kila wimbi. Zile zinataka skrini yake maalum iliyonyooka kama kioo na skrini hiyo nayo ni bei juu ya bei. Shoti thro ya kawaida inasamehe ukuta zaidi, sio sana, ila inasamehe.

Haya tuje kwenye kuchelewa, maana hapa ndo naona watu wanapigwa zaidi na boksi halitaji kabisa. Ukibonyeza kitufe kwenye pedi, projekta inapokea picha, inaichakata, ndo inaionyesha, na muda huo wa katikati ndo kila kitu kwenye gemu. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, kila fremu inakaa milisekunde 16.7. Projekta iliyotengenezwa kwa gemu inachelewa kama fremu 1 tu, na ikiwa inapokea 120 kwa sekunde inaweza kushuka mpaka milisekunde 8 hivi. Kwa filamu ata ikichelewa robo sekunde hutajua kitu, sauti na picha vinaenda pamoja basi. Kwenye mpira unabonyeza pasi beki bado yuko mbali, mpira unatoka beki ameshafika, unajiona umeshuka kiwango kumbe ni ukuta unakudanganya.

Kupima ni rahisi na nawaomba mfanye dukani kabla hela haijatoka. Simu nyingi saivi zinarekodi sloo mosheni ya fremu 240 kwa sekunde, kila fremu hapo ni kama milisekunde 4.2. Beba PS yako, rekodi kidole na picha kwa pamoja, bonyeza kitufe, afu rudisha video polepole uhesabu fremu toka kidole kimegusa mpaka mchezaji ameruka. Fanya hivyo hivyo kwenye tv ya kawaida, maana PS na gemu yenyewe navyo vina uchelewaji wao, unachotaka ni tofauti. Kile kiprojekta changu cha kwanza, chenye Android ndani, nilihesabu fremu 38, tv ya dada yangu 16. Tofauti 22, yaani milisekunde 92, zaidi ya fremu 5 za gemu. Nilikuwa nimeshakitumia miezi 4 nagombana na pedi, nimebadilisha pedi mbili.

Na hata ukipata mashine nzuri lazima uwashe modi ya gemu kwenye menyu, afu uachane na ile kitu ya kunyoosha picha kwa rimoti, kiston. Unaweka projekta pembeni kizembe, unabonyeza kiston picha inanyooka, unafurahi, lakini ilichofanya ni kuikata picha kwa ndani na kuzima pikseli za pembeni, na mashine nyingi zinaongeza kuchelewa hapo hapo. Iweke katikati ya picha, iwe sawa kwa pimamaji, miguu irekebishwe kwa mkono. Shoti thro inadai hilo kuliko nyingine, ukiisogeza sentimita 1 tu picha inabadilika ukubwa na kupinda, ndo maana stuli inayocheza haifai kabisa, tafuta kitu kizito au fundi akuchomelee stendi.

Lumeni 12,000 za kwenye boksi zisiwatishe. Kipimo kinachoaminika kimeandikwa ANSI mbele yake au ISO, yaani kimepimwa kwa kiwango kinachotambulika, TH671ST nayoisema mimi ni 3,000 na ni mashine kubwa kweli, sasa kikopo cha kukamata kwa mkono mmoja kikikuambia 12,000 kiulize inatokea wapi. Vivyo hivyo "inapokea 4K", kupokea sio kuonyesha. Tafuta pikseli zake zenyewe, vile vidoti vinavyojenga picha. 1920 kwa 1080 ni pikseli milioni 2 na zaidi, 1280 kwa 720 haifiki ata milioni 1, na ukiitanua inchi 80 ukakaa mita 2 unaona vidoti na namba za jezi husomi.

Kuhusu ukubwa, najua hapa sitapendwa, inchi 80 inatosha. Eneo lake ni kama asilimia 64 tu ya inchi 100, kwahiyo mwanga ule ule unabanwa sehemu ndogo na picha inang'aa zaidi ya mara 1.5. Na huku mwanga tunauhitaji, kwasababu chumba cha giza mchana kwenye joto la pwani ni kujipika, ukifunga dirisha na pazia zito upepo wa bahari haupiti tena na projekta yenyewe ya taa inatema joto kama watu wawili. Mimi nacheza kuanzia magharibi, madirisha wazi, wavu wa mbu umewekwa vizuri maana wadudu wanafuata mwanga na mjusi anafuata wadudu. Halafu kwa inchi 100 ukiwa umekaa mita 2, ile ramani ndogo ya chini inabidi ugeuze shingo kuiangalia, na kwenye gemu kugeuza shingo ni goli.

Taa au leza? Kama mfuko unaruhusu chukua leza au LED. Zile za taa ya zebaki zinafika kama masaa 4,000 kwa mwanga kamili, leza na LED zinasemwa 20,000 na kuendelea. Ukicheza masaa 3 kila siku 4,000 ni miaka 3 na miezi kadhaa, sio mbaya, ila tatizo ni umeme. Taa ile ina moto mkali na ukiizima kwa rimoti feni inaendelea kuzunguka kuipoza, umeme ukikatika ghafla feni nayo inasimama pale pale, joto linabaki ndani, na ikitokea mara kwa mara taa inazeeka kabla ya siku zake. Ukiwa na ya taa nunua na yuipiiesi ndogo, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ata ikikupa dakika 5 zinatosha kuizima kwa adabu. Na usiifunike kitambaa kabla haijapoa. Ikishapoa ndo uifunike, hewa ya chumvi na vumbi la barabarani haviipendi lenzi.

Za mtumba sizikatai, yangu ya sasa ni mtumba. Shoti thro nyingi zilizotumika zimetoka madarasani, zilifungwa juu ya ubao ili mwalimu asiingie kwenye mwanga, na zinakuja huku bei ya kueleweka. Angalia tu mambo haya, menyu ya taarifa inaonyesha masaa ya taa, omba uone kwa macho yako, na za darasani nyingi pikseli zake ni 1280 kwa 800 au pungufu, zilitengenezwa kwa maandishi sio kwa gemu, kwahiyo ile ya kuhesabu fremu kwa simu usiiruke. Yangu niliijaribu dukani nusu saa nzima, muuzaji akanikasirikia, nikavumilia. Na sauti pitisha kwa waya kwenda kwenye sabufa, bluutuuthi nayo inachelewa, unaona goli ndo unasikia shuti.

Mpwa wangu kapima. Futi 10 na inchi 4, ambayo ni mita 3.15, na toka ukuta wa picha mpaka ukingo wa kitanda ni mita 1.9. Kwa mashine ya 0.69 akiiweka mita 1.2 anapata inchi 80 yake na bado ana nafasi ya kupita kati ya projekta na kitanda bila kukata mwanga. Kilichobaki ni ukuta, nusu ya chini imepakwa rangi ya mafuta ile ya kuosha, inang'aa, ukirushia picha pale unapata doa la mwanga katikati linalokufuata macho. Fundi anakuja Jumamosi kupiga skimingi mita 2 kwa mita 1 na robo, afu juu yake rangi ya maji nyeupe isiyong'aa mikono miwili. Kaniuliza mjomba nipake ukuta wote? Nimemwambia hapana, pembeni kote acha rangi iwe nzito, ya bluu au kijivu, mwanga usirudi kwenye picha.