Kabla ya kumpima fundi, hesabu alichosubirishwa

Katika viwanda vingi vya nguo hapa Uganda, tathmini ya mfanyakazi ni karatasi ya mwisho wa mwaka. Fundi anaitwa ofisini, anaonyeshwa alama zake, anatia saini na kurudi kwenye cherehani. Karatasi hiyo inaniudhi sana, kwa sababu inamwonea fundi na papo hapo inamficha mwenye kiwanda hasara yake mwenyewe.

Kila hatua ya kushona huwa na muda uliopimwa. Tuseme kupachika kola ya shati la shule kumepangiwa dakika moja na nusu. Zamu ya saa nane ni dakika 480, kwa hiyo anatakiwa kutoa kola 320. Aliyetoa 240 anaandikiwa asilimia 75, na msimamizi mkali ataongeza neno "mzembe" pembeni. Nani ameandika kwamba asubuhi umeme ulikatika? Kwamba vipande vilichelewa kutoka meza ya kukatia, uzi wa bei rahisi ulikuwa unakatika kila mara, na makanika ni mmoja huku cherehani tatu zimekwama? Fundi huyo akiwa alikaa dakika 100 mikono mitupu, zimebaki 380 za kazi, nazo zinatosha kola 253. Kumbe amefikia karibu asilimia 95! Mtu aliyestahili nyongeza ndiye amepewa onyo.

Na zile dakika 100 ni za nani? Si zake. Ni za anayenunua uzi, anayepanga ukataji, anayeamua kama jenereta itiwe mafuta. Hao fomu yao iko wapi? Sare za shule zinatakiwa kabla muhula wa kwanza haujafunguliwa Februari, na mzazi hawezi kumngoja mtu. Oda ikichelewa, pesa ya msimu imekwenda, hata ukiwaandikia onyo mafundi wote wa laini nzima, yaani safu ya cherehani zinazopokezana shati moja.

Kuhesabu vipande tu kuna ubaya mwingine. Fundi anayepimwa kwa idadi atakimbiza idadi. Tundu la kifungo litachanika, mshono wa kwapa utaachia, shati litarudishwa kufumuliwa na kushonwa upya kwa malipo yaleyale ya mteja. Mnunuzi wa Owino, soko kubwa la nguo mjini Kampala, anashika shati jipya la hapa nyumbani mkono huu na la mtumba mkono ule, anavuta mishono yote miwili. Mwaka 2023 Rais Museveni alitangaza kwamba mitumba ipigwe marufuku. Mimi napenda viwanda vyetu vishinde, lakini nataka vishinde kwa mshono.

Kwa nini nalivalia njuga jambo la alama? Kwa sababu kima cha chini cha mshahara hapa ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, Rais akakataa kuusaini. Fundi hana sheria ya kumshika mkono kwenye malipo. Kilichobaki ni maoni ya msimamizi wake, kwa hiyo alama zikikosewa, ni karo ya watoto imeguswa.

Wenye kumbukumbu wanakijua kiwanda cha Tri-Star cha Bugolobi, kilichoanza kushona nguo za soko la Marekani chini ya AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, mwaka 2003. Mwaka huohuo wasichana waligoma kulalamikia hali ya kazi, na karibu 300 wakafukuzwa. Kiwanda chenyewe hakikumaliza hata muongo mmoja. Sisemi ni mgomo uliokiangusha, mambo yalikuwa mengi. Nasema palikosekana meza ya kumsikiliza fundi kabla hajasimamisha mashine, na tathmini ingeweza kuwa meza hiyo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa utendaji duni, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe pale kikaoni. Basi kwa nini tungoje siku ya kufukuzwa? Pale Jinja utasikia Kiswahili, Lusoga na Luganda kati ya cherehani moja na nyingine, ila fomu ya tathmini inakuja kwa Kiingereza na dada anasaini asichokisoma.

Kwa mwenye kiwanda anayejiandaa kwa sare za Februari, ombi langu ni dogo. Katika daftari la laini ongeza safu ya dakika za kusubiri na chanzo chake, ijazwe na fundi mwenyewe pamoja na msimamizi, siku ileile. Kikao cha Jumatatu kianze na safu hiyo, kabla jina la fundi yeyote halijatajwa, na mkuu wa ununuzi awepo.