Kovu langu nililigawa katikati kabla sijaamini mafuta ya mtu

Shingoni nina kovu la sentimita saba hivi, limelala kama mkufu. Nilitolewa rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini hapo sina haja ya kueleza sana, bibi zetu wengi wamezeeka nalo shingoni manake udongo wa milimani huku una madini joto kidogo, mpaka miaka ya 1990 chumvi ilipoanza kuwekewa madini joto ndo hali ikabadilika. Langu lilikuja ukubwani, likawa linanibana nikilala chali, likatolewa, nikapona, namshukuru Mungu. Leo lakini nataka kuongelea kovu lenyewe, na hawa wauza mafuta.

Ukishakuwa na kovu mahali panapoonekana kila mtu anageuka daktari. Nina kibanda cha vitenge Mwanjelwa hapa Mbeya, mteja anakuja kutafuta doti ya harusi anaanza na shingo yangu kwanza, "pole dada, hilo paka asali", anayefuata anasema mnyonyo, mwingine maji ya kitunguu, na wale wa kutoka Tukuyu wote ni parachichi, parachichi, parachichi. Nawapenda wote, najua wanasema kwa upendo. Kilichonichefua ni cha kwenye simu. Kwenye grupu la wamama tuliopitia kisu akaingia dada mmoja na picha mbili, kovu la uzazi kabla na baada, na kichupa cheusi chenye kidondoshi, anasema ni CBD kutoka nje, laki moja na nusu, linafuta kovu lote. Wamama wakaanza kuuliza namba ya kutuma hela.

CBD ni kitu kinachotolewa kwenye mmea wa bangi. Chenyewe hakileweshi, kinacholewesha ni mwenzake anaitwa THC, na kuna dawa halisi ya CBD ilipitishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina fulani za kifafa kikali cha watoto, kwa hiyo sisemi ni uganga. Ila kifafa ni kifafa na kovu ni kovu. Alafu sisi tupo Tanzania jamani, bangi ni haramu kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015, na wauzaji wengine wanaandika "mafuta ya katani" ili yasikike vizuri, wakati katani huku kwetu kila mtu anajua ni mkonge. Yule dada alikuwa anawaingiza wamama wenye vichanga kwenye shida ya polisi na hilo hakuligusia hata kidogo.

Sasa ikatokea dada yangu mkubwa, yeye anaishi Marekani, alipasuliwa kidole tumbo miezi miwili kabla yangu. Kule sheria yao ya kilimo ya 2018 iliruhusu mmea huo ukiwa na THC isiyozidi asilimia 0.3 ulimwe kama mazao mengine, mafuta yake yakajaa madukani, akanunua. Siku moja ananipigia kwa vidio, anafunua tumbo, "mdogo wangu, ona linavyofifia!" Nikamuuliza unapaka lote? Akasema lote. Nikamwambia sasa dada utajuaje kama ni mafuta au ni siku zinaenda tu?

Hilo swali sikulitoa kichwani kwangu. Nilikuwa nimesoma habari ya madaktari wa Miami waliopima vitamini E mwaka 1999, hii hii tunayotoboa vidonge tunajipaka usoni. Walichukua wagonjwa 15 waliotoka kupasuliwa, kila mmoja kovu lake likagawanywa mara mbili, nusu likapakwa mafuta ya kawaida na nusu mafuta yale yale yenye vitamini E, wiki 12. Kwa asilimia 90 ya kesi vitamini E haikusaidia chochote au ililifanya kovu liwe baya zaidi, na theluthi ya watu walitoka vipele. Nilivyosoma nilikaa chini kwenye kigoda nikawaza vile vidonge vyote nilivyonunua maishani.

Basi tukakubaliana. Yeye kushoto CBD, kulia mafuta ya mgando. Mimi kushoto mafuta ya parachichi ya Rungwe, kulia mafuta ya mgando. Nilipima na futi ya fundi cherehani nikaweka nukta ya kalamu katikati, kila baada ya kuoga naiweka upya, asubuhi na usiku, kidole kimoja cha kushoto na kingine cha kulia ili yasichanganyike. Na wote tulianza kidonda kimeshafunga kabisa, hapo sikutaka mchezo. Kuangalia tukawaachia wengine wasiojua upande gani ni upi, kwake shemeji, kwangu binti yangu wa darasa la sita, nasimama karibu na dirisha anaangalia mpaka ananipumulia shingoni, alafu anasema "huku mama", wiki inayofuata anasema upande mwingine.

Miezi mitatu ilivyoisha hatukuona tofauti. Makovu yote mawili yalikuwa yamelainika na yamepungua weusi, pande zote, sawasawa. Shemeji alichagua upande wa CBD mara moja na upande wa mgando mara mbili. Dada alikasirika kidogo kwa sababu ya hela yake, mimi parachichi langu nililipata kwa bei ya sokoni kwa hiyo roho haikuniuma.

Najua watu wawili sio utafiti. Lakini hata utafiti wenyewe wa CBD kwenye makovu ambao watu wanautaja, wa Italia wa mwaka 2019, ulikuwa na watu 20, wenye makovu kati yao 10 tu, walipaka krimu mara mbili kwa siku miezi mitatu wakaonekana wana nafuu, ila hapakuwa na kundi la kupaka krimu isiyo na CBD ili kulinganisha. Na hapa ndo ugomvi wangu wote ulipo. Kovu la upasuaji ni kitu kinachotembea. Miezi ya mwanzo linavimba, linawasha, linakuwa jeusi au jekundu, alafu mwili wenyewe unaanza kupanga upya nyuzi zake ndani ya ngozi na kazi hiyo inaenda mwaka mzima au hata mwaka na nusu, na ngozi hata ikimaliza inafikia kama asilimia 80 tu ya nguvu yake ya zamani. Kwa hiyo chochote utakachopaka ndani ya huo mwaka kitapata sifa, hata ukipaka mafuta ya alizeti. Picha ya kabla na baada haina ushahidi wowote wa kichupa, ni picha ya mwili ukifanya kazi yake.

Na kilichomo kwenye kichupa nacho hujui. Mwaka 2017 watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti wakazipima maabara, asilimia 31 tu ndo zilikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikutwa na THC ndani.

Kama una hela ya kutumia kwenye kovu, ulizia jeli au plasta ya silikoni kwenye duka kubwa la dawa, hiyo ndo madaktari wa makovu wanaanza nayo, plasta inakaa saa 12 au zaidi kwa siku kwa miezi kadhaa. Na likinge na jua. Huku tupo juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kibaridi kinakudanganya kwamba jua halipo wakati linakuchoma, mimi nilikuwa natoka na skafu ya pamba hata mwezi wa saba, sweta la shingo ndefu nililiacha manake lilikuwa linakwaruza. Ila kovu likianza kutoka nje ya mpaka wa kidonda na kukua kama uvimbe hiyo ni keloidi, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaipata zaidi, usibaki nyumbani na mafuta, nenda kwa daktari, kuna sindano zake.

Naandika kwa hasira kidogo kwa sababu ya jirani yangu wa Uyole. Siku ya tisa baada ya kujifungua kwa upasuaji alishawishiwa akapaka mafuta ya kwenye kichupa juu ya kidonda kibichi. Nilimkuta amekaa kitandani, kanga imelowa upande mmoja, usaha, mtoto analia na yeye hawezi kuinama kumbeba. Alirudi wodini. Aliyemuuzia alimblock siku hiyo hiyo.

Langu sasa lina miezi kumi na minne. Jana binti alitaka kuangalia tena, akapitisha kidole kutoka kushoto mpaka kulia, akauliza nukta ilikuwa wapi, na mimi mwenyewe sikukumbuka.