Ualimu ukiwa na miaka 38: stashahada au digrii?

Dada mmoja wa Mikindani alinijia juzi na bahasha ya kaki aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Mlikuwa na vyeti vyake vya kidato cha nne na cha sita, kimoja kimeanza kuota madoa ya ukungu pembeni. Ana miaka 38, watoto watatu, mikorosho ya urithi, na kila asubuhi anawafundisha watoto wa majirani kusoma hapo kibarazani kwake. Anataka kuwa mwalimu wa kuajiriwa. "Kaka, niende chuo cha ualimu nikachukue stashahada, au nianze digrii ya Huria nikiwa hapahapa nyumbani?"

Karibu wote aliowauliza kabla yangu walimwambia digrii, na hawakukosea hesabu. Kwenye TGTS, yaani ngazi za mshahara wa walimu wa serikali, mwalimu wa stashahada anaanzia C, wa digrii anaanzia D, na pengo hilo humfuata mtu mpaka kwenye mafao. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara na kingine Lindi. Unalipia masomo uliyojisajili, unasoma usiku watoto wakishalala, shamba huliachi. Anayetaka kukaa darasani kabisa anacho chuo kikuu cha Stella Maris hapa Mtwara mjini. Kwa mama wa watoto watatu, kutohama nyumbani ni hoja kubwa kuliko TGTS yoyote ile.

Stashahada kwa aliyemaliza kidato cha sita ni miaka 2, ila ni bweni. Kiwe chuo cha ualimu cha Mtwara Kawaida, Kitangali kule Newala, au Nachingwea, unabeba tranka na godoro, unalala chumba kimoja na mabinti wa miaka 20, unapangiwa zamu ya usafi na kiranja anayeweza kuwa mwanao. Si kila mtu mzima analiweza hilo.

Hata hivyo mimi nilimwambia stashahada. Nilichukua risiti yake ya chama cha msingi, ile ya korosho za msimu uliopita, nikaigeuza nyuma tukaanza kuhesabu.

Matangazo ya kazi za serikali ya Sekretarieti ya Ajira yanataka mwombaji asizidi miaka 45. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inataka michango ya miezi 180 ndipo ulipwe pensheni ya kila mwezi. Toa 45 kwenye 60, unapata 15. Zidisha kwa 12, unapata 180 kamili. Maana yake anayeajiriwa ukingoni kabisa hana hata mwezi mmoja wa kupoteza: ukikatika mchango hapa na pale, anaagwa kwa mkupuo na pensheni ya mwezi inampita. Hili sijasikia mtu akiwaambia watu wazima wanaorudi shule. Wanaambiwa elimu haina mwisho. Sawa, elimu haina, lakini ajira inao.

Sasa mweke dada yetu humo. Akienda bweni anatoka na miaka 40, ana mitano ya kujaribu usaili. Digrii ya Huria kwenye karatasi ni miaka 3. Lakini wenye shamba na watoto nawajua. Mtihani mmoja unaahirishwa kwa sababu ya msiba, mazoezi ya kufundisha yanasogezwa mwakani, ada inasubiri mnada wa korosho, na mitatu inakuwa mitano. Anatoka na 43. Imebaki miwili, tena kwenye foleni yenye wahitimu waliorundikana tangu mwaka 2015, wengi wao wa masomo ya sanaa, Historia na Kiswahili, ambayo ndiyo aliyosoma yeye. Na mkopo wa Bodi ya Mikopo haumfikii, kwa sababu mwombaji hatakiwi kuzidi miaka 35.

Digrii anaweza kuichukua hukohuko Huria akiwa tayari kazini. Najua kuna upande wa pili. Walimu waliojiendeleza wanalalamika kwamba kubadilishiwa muundo kunachelewa, unakuwa na digrii na mshahara wa stashahada. Ni kero halali kabisa. Ila ni kero ya mtu anayepokea mshahara.

Ushauri huu si wa kila mtu. Ungekuwa na miaka 28 ningekuambia digrii bila kufikiri sana. Mwenye digrii yake ya uhasibu au kilimo asirudi mwanzo, kuna stashahada ya uzamili katika elimu. Fundi umeme au fundi cherehani mwenye sifa za kuingia akitazame chuo cha ualimu cha Mtwara Ufundi, maana mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza kidato cha kwanza Januari 2024 unahitaji watu waliowahi kushika nyundo kweli, na hapo umri unageuka kuwa mtaji. Aliyevuka 43 aachane na hesabu za serikali, aende kwa wenye shule binafsi awaulize wanamwajiri mwenye cheti gani kabla hajalipia fomu.

Dada aliitazama risiti muda mrefu. Hakuuliza habari ya pensheni wala TGTS.

"Na mikorosho, salfa ya mwezi wa sita atanipulizia nani?"

Hapo ndipo stashahada inapouma, maana muhula haungoji mikorosho. Njia niliyoiona ni kuikodisha kwa misimu miwili. Kodi hailingani na mavuno, ni hasara, na hasara hiyo iandikwe kwenye gharama za chuo pamoja na ada na godoro. Alisema atamuuliza kwanza mama mkwe, kwa sababu mikorosho ile ni ya upande wa mumewe.