Wanyoaji wa vitambaa vya sufu wa Yorkshire: haki ilikuwa upande gani?

Usiku wa tarehe 11 Aprili 1812, watu zaidi ya mia moja walikivamia kiwanda cha William Cartwright huko Rawfolds, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wakitaka kuvunja mashine za kunyolea vitambaa vya sufu. Nyundo zao waliziita Enoch, jina la mhunzi Enoch Taylor ambaye karakana yake iliunda mashine hizo pia. Walishindwa. Wengi wao walikuwa wanyoaji wa vitambaa.

Kunyoa kulikuwa kazi ya mwisho katika kutengeneza kitambaa. Kitambaa kilichokwisha kufumwa kiliinuliwa malaika, yaani vinyweleo vya sufu, kwa miiba, kisha malaika yakakatwa sawasawa kwa makasi ya chuma yenye uzito wa karibu kilo 20. Sugu ya kifundo cha mkono ndiyo iliyomtambulisha fundi. Mkono ukiteleza kidogo, jasho lote la msokotaji na mfumaji limeharibika. Ndiyo maana walilipwa vizuri.

Wenye viwanda walikuwa na hoja. Vita na Napoleon vilibana biashara, na aliyekataa mashine angeuza ghali kuliko jirani yake. Lakini kuwaita wanyoaji wajinga waliochukia maendeleo ni kuwaonea. Sheria ya karne ya 16 ilipiga marufuku mashine za kuinua malaika. Waliitetea bungeni kwa miaka, wakilipa mawakili, mpaka Bunge likaifuta mwaka 1809. Palikuwa na mapendekezo ya kuingiza mashine polepole, hata kuvitoza kodi vitambaa vya mashine ili kuwasaidia waliokosa kazi. Hayakusikilizwa. Nyundo zilikuja baadaye.

Hata hivyo, tarehe 28 Aprili mwenye kiwanda William Horsfall alipigwa risasi, akafa. Hilo mimi silitetei. Serikali nayo ilijibu kwa kamba: Januari 1813 watu 17 walinyongwa York kwa kesi za machafuko hayo.

Kinachonisumbua zaidi ni wasiotajwa. Kabla ya mashine za kusokota, mfumaji mmoja alihitaji nyuzi za wasokotaji kadhaa, wengi wao wanawake waliofanya kazi majumbani kwa ujira mdogo. Kazi yao ilianza kuchukuliwa na mashine miongo kadhaa kabla ya Rawfolds. Hawakuwa na fedha za mawakili wala chama cha mafundi cha kuwasemea. Kwa hiyo kwenye sheria nawapa wanyoaji haki yao, ila kuwafanya sura ya mafundi wote wa sufu, hapana: walikuwa wachache waliolipwa vizuri kuliko wenzao.