Edward Johnston na Lawama ya Vijiti na Viduara

Mjadala wa mwandiko wa watoto ukizuka Uingereza, haukawii kumfikia Edward Johnston, mwalimu wa sanaa ya mwandiko wa kalamu. Wanaomlaumu wanasema mhadhara wake wa 1913 mbele ya walimu wa London ndio uliofungua mlango wa herufi zisizoungana, zile za vijiti na viduara.

Hoja yao si ya kubeza. Mtoto aliyezoea kukatisha kila herufi hupata taabu anapotakiwa kuunganisha, kwa sababu mkono umeshazoea kusimama pale unapopaswa kuendelea. Kwamba herufi hizo hufanana na za vitabuni na humrahisishia kusoma ni kweli, lakini taabu ya kuunganisha haiondoki.

Hata hivyo, tangu alipoanza kufundisha Central School of Arts and Crafts, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1899, Johnston alikazania kalamu kwanza. Alikuwa amezichunguza hati za kale za British Museum, kikiwemo kitabu cha zaburi cha karne ya 10 alichokifanya msingi wa mafunzo yake. Chukua nibu bapa, yaani ncha ya kalamu iliyo pana, ishike kwa pembe ya digrii 30 hivi, kisha andika o bila kuizungusha nibu. Mbavu za herufi zitanenepa, juu na chini patakonda, nawe hukukusudia lolote. Umbo limezaliwa na ncha pamoja na mwendo wa mkono. Sasa mpe mtoto penseli umwambie anakili umbo hilohilo: kilicholizaa hakipo tena. Kosa liko hapo, na kumtwika Johnston ni kumwonea.

Hata herufi alizobuni kwa ajili ya treni za chini ya ardhi za London, zilizoanza kutumika 1916 na zinazoonekana kama vijiti vitupu, zina ushahidi wa kalamu hiyo. Nukta ya i ni mraba uliosimama juu ya pembe yake. Hiyo ni alama ya nibu bapa iliyogusa karatasi!

Pengo lake la kweli ni kasi. Mwandiko wake ulifaa kitabu cha sala kuliko daftari la mwanafunzi anayekimbizana na saa. Pengo hilo alikuja kulishughulikia Alfred Fairbank, aliyefundishwa na Graily Hewitt, mwanafunzi wa Johnston. Italiki yake, mwandiko ulioinama kidogo, huungana, huenda haraka, na bado huandikwa kwa nibu bapa. Anayetaka kupima athari ya Johnston darasani aanzie kwenye mwandiko huo.