Nadra kwa nani? Filgrastimu na maelezo anayostahili mgonjwa

Wahudumu wa saratani hawakubaliani kuhusu jambo moja: mgonjwa anayechomwa filgrastimu, sindano inayoinua chembe nyeupe za damu baada ya kemo, yaani tiba ya dawa za kuua saratani, aambiwe madhara yake yaliyo nadra, au aambiwe tu kwamba mifupa itauma?

Wanaotaka maelezo mafupi wana hoja nzito. Aliyekwisha kutikiswa na neno saratani akisikia habari za kufa anaweza kuikataa sindano, na chembe nyeupe zikiporomoka, homa ya siku moja yaweza kumwondoa. Aliyewahi kuuguza anaielewa hofu hiyo.

Hata hivyo, madhara haya nadra yana hila yake: hujificha ndani ya maudhi ya kawaida. Filgrastimu huusukuma uboho kutengeneza chembe nyeupe kwa wingi, ndiyo maana mifupa huuma, lakini bandama nayo huweza kuvimba, na kwa watu wachache sana hupasuka na kuvujia damu tumboni. Dalili yake huwa maumivu chini ya mbavu za kushoto, au kwenye ncha ya bega la kushoto, kwa kuwa damu hiyo hukera kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva za kiwambo na za bega hutokea sehemu moja shingoni. Sasa mfikirie mama wa Mbagala aliyeambiwa tu kwamba mifupa itauma. Bega linamshika saa nne usiku, anameza panadoli, analala akingoja kuche. Hajazembea hata kidogo. Ametii alichoambiwa, na utii huohuo ndio unaomhatarisha.

Tena, nadra kwa nani? Maelezo ya dawa hii yanayotumika Ulaya yanaonya kwamba inaweza kuamsha shambulio la selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, mara nyingine la kuua, kwa wagonjwa na hata kwa wabebaji wa kinasaba chake. Kwa nchi ambako selimundu ni ya wachache, onyo hilo ni tanbihi. Tanzania, inayokadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, na ambako wabebaji ni wengi zaidi na wengi wao hawajawahi kupimwa, haiwezi kulisoma hivyo.



Sidai mgonjwa asomewe karatasi nzima ya dawa. Orodha ndefu hutisha bila kufundisha. Nadai swali moja kuhusu selimundu kabla ya sindano ya kwanza, na sentensi moja wakati wa kuichoma: ukiumwa bega la kushoto au chini ya mbavu za kushoto, usingoje siku yako ya kliniki, njoo usiku huohuo.