Wiki Tatu Marekani: Mwaliko wa IVLP Unampa Mgeni Nini, na Unamnyima Nini

Kwa miaka mingi serikali ya Marekani imekuwa ikialika wataalamu wapatao 5,000 kwa mwaka kutoka nchi mbalimbali: waandishi wa habari, mahakimu, maofisa wa uchaguzi, mameya, viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Hukaa huko hadi wiki tatu, gharama zikibebwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, chini ya Programu ya Uongozi ya Wageni wa Kimataifa, maarufu kwa kifupi chake, IVLP. Wanaoipinga huiita matembezi ya bure yaliyofungiwa propaganda ndani. Wanaoitetea huizungumzia kana kwamba ni chuo. Kwa maoni yetu wote wanaipima mahali pasipofaa, yaani kwenye safari yenyewe. Sehemu kubwa ya faida au hasara yake huamuliwa kabla ya safari, wakati wa uteuzi, na baada yake, ofisini kwa mgeni aliyerudi.

Tuanze na uteuzi, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. IVLP haina fomu ya maombi. Maofisa wa ubalozi wa Marekani katika kila nchi hupendekeza majina, kamati ya ubalozi huyachuja, kisha Washington huthibitisha. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia fomu, au anayedai ada ili jina lako “lipitishwe”, ni tapeli. Hakuna haja ya kuuliza mara mbili.

Utaratibu huu una uzuri wake. Humfikia mtu ambaye asingeomba kamwe: muuguzi mkuu wa hospitali ya mbali, au mhariri wa redio ndogo anayedhani mambo hayo ni ya wakubwa. Pia huzuia soko la barua za mapendekezo na insha zilizoandikwa na watu wengine. Lakini maofisa wa ubalozi humpendekeza wanayemjua, na wanayemjua ni yule anayehudhuria hafla zao, anayeishi mji mkuu, na aghalabu anayezungumza Kiingereza. Inasikitisha, kwa sababu kwa makundi mengi programu hutoa wakalimani. Lugha si sharti la kwenda. Lugha huwa sharti lisiloandikwa la kufahamiana na ofisa anayeandika majina. Ofisa mwenye bidii hutoka kwenda wilayani kutafuta watu. Asiyetoka huteua kutoka kwenye orodha ileile ya simu, na baada ya miaka kadhaa utakuta waliokwenda wote wanafahamiana.

Aliyeteuliwa hupewa fomu ya DS-2019, yaani cheti cha kustahili kushiriki, na kuombewa viza ya J-1, ya wageni wa programu za kubadilishana. Mambo mawili hapa huwashtua watu. La kwanza ni njia ya ndege: sheria ya Marekani hutaka safari inayolipiwa na serikali kuu itumie mashirika ya ndege ya Marekani pale inapowezekana, hivyo tiketi inaweza kukuzungusha kuliko ungejikatia mwenyewe. La pili ni zito zaidi. Kwa kuwa umelipiwa na serikali, unafungwa na sharti la miaka miwili: huwezi kupata ukaazi wa kudumu, wala viza za kazi za aina ya H na L, mpaka uwe umekaa nchini kwako jumla ya miezi 24, au upate msamaha, ambao si rahisi kwa aliyelipiwa hivyo. Sharti hilo halikuzuii kurudi kama mtalii au mwanafunzi. Tunaliona la haki, maana lengo ni ujuzi urudi nyumbani. Lakini mtu mwenye mchumba Marekani, au aliyeahidiwa kazi huko, alijue kabla ya kukubali mwaliko, si siku anapojaza fomu za uhamiaji.

Safari kwa kawaida huanzia Washington, kisha kundi hupelekwa miji mingine, mara nyingi mitatu au minne. Mashirika kama Meridian International Center na World Learning hupanga ratiba, na mikutano ya miji midogo huandaliwa na vikundi vya wenyeji vilivyo chini ya mtandao wa Global Ties U.S., vyenye watu wengi wa kujitolea. Hii ndiyo sehemu tunayoithamini kuliko zote, kwa sababu mwalimu mstaafu anayekukaribisha chakula cha jioni nyumbani kwake hana msimamo rasmi wa kulinda. Akitofautiana na ofisa uliyemsikia Washington, atasema. Wanaodai kwamba ratiba nzima ni propaganda hawaangalii meza hizo.

Ndani ya ziara yenyewe, mafunzo ya kweli huwa madogo. Chukua ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Bahasha ya kura iliyokuja kwa posta iko mezani. Katika majimbo yanayotumia utaratibu wa sahihi, karani hulinganisha sahihi iliyo juu ya bahasha na ile iliyo kwenye rejista. Zikitofautiana, bahasha huwekwa kando. Mahali pengi bahasha hufunguliwa mbele ya watu wawili wa vyama tofauti, na karatasi ya kura hutenganishwa na bahasha yenye jina kabla haijakunjuliwa, ili jina na chaguo visikutane. Mgeni anayetoka nchi yenye tume moja ya taifa hawezi kuubeba mfumo huu mzima. Marekani ina zaidi ya mamlaka 10,000 zinazosimamia uchaguzi, na mfumo wake umekua kutokana na historia yake. Ile hatua moja ya kutenganisha bahasha na kura, hiyo inabebeka. Wengi hurudi wakitaka kuiga mfumo, wakashindwa, kumbe hatua ilikuwa imekaa mbele ya macho yao.

Mara nyingi wala hawaioni. Mkutano wa dakika 90 huanza na mwenyeji kuonyesha slaidi. Mkalimani akisubiri sentensi iishe ndipo atafsiri, muda umeshakatwa nusu. Kundi la watu kumi kutoka nchi kumi lina shida kumi tofauti, na dakika za maswali humalizwa na mwenye sauti kubwa. Dawa yake inajulikana: tuma swali lako kwa waratibu kabla ya kufika, omba kuonyeshwa kazi ikifanyika badala ya mhadhara, na kila ofisi uliza nani analipa, na kosa likitokea nani anawajibika. Majibu ya maswali hayo hayaandikwi kwenye vipeperushi.

Watetezi hupenda kutaja waliokuja kuwa wakubwa. Anwar Sadat wa Misri alialikwa mwaka 1966, Margaret Thatcher wa Uingereza 1967, F. W. de Klerk wa Afrika Kusini 1976, wote kabla hawajaongoza nchi zao. Wizara yenyewe huhesabu zaidi ya washiriki 200,000 na zaidi ya marais na mawaziri wakuu 500, wa sasa na wa zamani. Hilo linathibitisha kwamba balozi zina jicho la kuona nani anapanda. Halithibitishi kwamba safari ndiyo iliyowapandisha. Sadat aliwafukuza washauri wa kijeshi wa Kisovieti, wapinzani wa Marekani, mwaka 1972. Anayetaka kuifunga hatua hiyo na ziara ya miaka sita nyuma atahitaji ushahidi mzito zaidi ya kalenda.

Nia ya serikali haikufichwa tangu mwanzo. Mzizi wa programu ni mwaka 1940, Nelson Rockefeller, mratibu wa serikali wa uhusiano na nchi za Amerika ya Kusini, alipoalika waandishi wa habari 130 wa Amerika ya Kusini wakati Marekani ikihofia ushawishi wa Ujerumani katika eneo hilo. Hii ni diplomasia, na mgeni anayelijua hilo husikiliza vizuri zaidi. Tunacholalamikia ni neno “kubadilishana” linalotumika kuielezea: katika IVLP wageni huenda, Wamarekani hawaji. Tena mlango uko mkononi mwa mwenye nyumba. Februari 2025 fedha za programu nyingi za aina hii zilisimamishwa kwa muda, na taasisi inayotegemea mwaliko kufundisha watu wake inaweza kujikuta mikono mitupu.

Kisha mgeni anarudi. Mwajiri amevumilia wiki tatu bila yeye, wenzake wanaangalia begi, na hakuna aliyepanga mkutano wa kumsikiliza. Notisi zinaingia kwenye droo. Tangu 2011 kumekuwa na mfuko wa miradi ya washiriki wa zamani, AEIF, lakini wanaouomba ni timu, na timu haiundwi na mtu ambaye ofisi yake haijui alichojifunza. Mwajiri anayetaka kitu atoe ruhusa kwa sharti moja lililoandikwa: taja hatua moja ya kazi yetu utakayokwenda kuitazama, na tarehe utakayotuonyesha namna ya kuijaribu hapa, ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi.